Mifuko ya Siri ya Mtaa Mzima

"Shangazi, na wewe mfuko wako wa siri umeushona wapi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, nimesimama juu ya kigoda barazani kwake, naye amepiga magoti ananirekebishia pindo la sketi ya shule. Pindo langu lilikuwa nene kuliko la mtoto yeyote darasani, kwa sababu Shangazi alisema ninakua haraka na lazima niwe na pindo la akiba. Tena lilikuwa halikosi kufumuka. Kila tulipotaka kutoka kwenda kununua vitambaa, ananiingiza kwanza nyuma ya mlango, eti pindo limeachia.

Shangazi ana tabia moja: likija swali asilolitaka, pini huingia mdomoni. Alizibana kwa midomo, akasema "Mmh," akanigeuza kama mwanasesere, akaendelea na kazi yake.

Swali lenyewe halikuwa la kitoto. Mtaa mzima ulikuwa ukiliuliza.

Shangazi ni fundi cherehani. Nyumbani ni Shangazi, nje ni Fundi, na baraza lake limebanwa kati ya saluni ya msusi na bucha la jirani ambaye watu wanamwita Kilo Kasoro. Sababu ya jina hilo haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kununua nyama kwake. Cherehani ni ya chuma, ya kukanyaga kwa miguu, ameachiwa na marehemu mama yake, na ni nzito mno. Siku ilipoletwa barazani, wanaume walioibeba walitangaza hadharani kwamba hawatarudi kuiondoa. Basi ikakaa pale, na Shangazi akakaa nayo.

Kazi anaifanya kichwa kimeinama. Wageni hudhani ana dharau, kumbe anawajua watu wote kwa miguu yao na kwa viuno vyao. Mtu akipita akimsalimia, anaitikia bila kuinua uso, halafu anaongeza, "Umenenepa wewe. Ile suruali itakukataa." Na mtu huyo akienda kuijaribu, inamkataa kweli. Uso wako Shangazi anaweza kuusahau, lakini mzunguko wa kiuno chako atazeeka nao.

Mwaka ule mtaa uliingiliwa na wezi wa pikipiki. Walikuwa wawili, nyuso zimefichwa ndani ya helmeti, wa mbele anaendesha, wa nyuma anavuna. Unashuka kituoni, unaingia barabara yetu, unasikia mlio nyuma yako, na kabla hujageuka kutazama ni nani, mkoba wako umeshakupita na unakuaga. Msusi alivutana nao akabaki na mkanda wa mkoba peke yake, akautembeza mlango kwa mlango akiuonyesha kama cheti. Watu waliokuwa hawasalimiani miaka nenda miaka rudi wakawa wanasubiriana kituoni ili waongozane. Mwenyekiti wa mtaa, baba mmoja mrefu asiyevua kofia yake ya pama hata mezani, akaunda kamati ya usalama. Kamati ikaamua ifungwe taa kubwa pale kwenye kona. Taa ikafungwa, watu wakapiga makofi, kulipokucha taa haipo.

Aliyeanzisha habari ya mifuko ni Bibi wa Ghorofani. Huyu ni mjane mwembamba anayeishi juu ya saluni, mwenye mdomo mkubwa kuliko mwili. Alikuja barazani, akajivutia kigoda.

"Fundi, nishonee mahali pa kuweka vijisenti vyangu. Mahali ambapo hata mimi mwenyewe nikitaka kujiibia nisipafikie."

"Sasa Bibi, usipopafikia utalipaje dukani?"

"Hilo niachie mimi. We shona."

Shangazi akamzungusha, akampapasa mabega, akamshonea mfuko wenye kifungo ndani ya gauni, katikati ya mgongo, pale ambapo mkono wa binadamu haufiki hata kwa kuwashwa. Siku chache baadaye wezi wakamsimamisha. Wakapekua mkoba wake wakakuta leso, miwani iliyovunjika mguu, na meno yake ya bandia. Wakatazamana. Wakayafunga meno kwenye leso, wakamrudishia mkoba kwa mikono miwili. Bibi akarudi nyumbani akicheka kwa ufizi mtupu, na kabla jua halijazama kila nyumba ilishajua kwamba Fundi amepata dawa ya wezi.

Wakamiminika. Kila mtu alikuja kwa kunong'ona, na kila mtu alitaka mahali pake peke yake, pasipofanana na pa mwenzake. Msusi alitaka kwapani. Kilo Kasoro alitaka ndani ya suruali, chini kabisa ya pale tumbo linapojikunja, "maana huko, dada yangu, hata mimi mwenyewe sijafika siku nyingi." Mwenyekiti, aliyekuwa ameiambia kamati kwamba mambo ya mifuko ni woga wa kina mama, alipitia mlango wa nyuma saa ya chakula cha mchana, akachungulia huku na huku, akavua kofia. Hapo ndipo Shangazi alipoona kwa mara ya kwanza upara wake, mviringo safi kama kisosi.

"Fundi, kuna nafasi huku juu?"

"Nafasi ipo tele, Mwenyekiti."

Hata kaka yake, yaani baba yangu, alishonewa ndani ya kola ya shati. Na wote walimwapisha asimwambie mtu. Msusi alikuwa mkali kuliko wote. "Mume wangu akijua, Fundi, ni afadhali wezi."

Kununua nyama kukawa shughuli. Mtu akishapimiwa anatangaza, "Geukeni jamani, nalipa!" na foleni nzima inaelekeza nyuso ukutani, huku nyuma unasikia vifungo vinafunguka na mtu anahema. Bibi wa Ghorofani yeye alikuwa anarudi kinyumenyume mpaka kaunta.

"Kilo Kasoro, fumba macho, ingiza mkono, toa inayotosha."

"Bibi, nikifumba macho nitajuaje inayotosha?"

"Kama unavyojua kilo."

Shangazi alikuwa akiyasikia hayo kutoka barazani, kichwa kimeinama, mabega yanatikisika kwa kicheko. Zilikuwa siku zake nzuri. Miguu aliyokuwa akiisikia inapita mbio mbio sasa ilipita polepole, mikono mitupu, na wezi kwa muda wakawa wanaambulia leso na vitana.

Halafu mambo yakageuka.

Wa kwanza alikuwa Kilo Kasoro. Aliingia barazani asubuhi, macho yamemtoka. "Dada, hawakunipekua! Wamenisimamisha tu, yule wa nyuma akanitazama hivi, akasema, 'Mzee, nyanyua tumbo.'"

"Nyanyua tumbo?"

"Nyanyua tumbo! Kama daktari!"

Akafuata msusi. Kwake walisema, "Dada, mikono juu. Wa kushoto tu unatosha." Bibi wa Ghorofani wakamwambia, "Bibi, tunaomba ugeuke," wakafungua kifungo, wakachukua walichochukua, wakafunga kifungo. "Wamelelewa," Bibi alisema, "lakini ni wezi." Mwenyekiti hakusimulia chochote, ila siku moja alionekana akitoka kituoni kichwa wazi, kofia ameishika mkononi, na mtaa mzima ukauona ule upara.

Hapo watu wakaanza kufikiri, na wote wakafika mahali pamoja. Shangazi aliwasikia wakifika. Miguu iliyokuwa ikisimama barazani kwake ikawa inapita upande wa pili wa barabara.

Kilo Kasoro ndiye aliyelisema, tena kwa kuegemea ule ukuta mfupi unaotenganisha bucha na baraza. "Dada, mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba aliyejua tumbo langu lina nini chini yake ni Mungu na wewe, na Mungu hana pikipiki."

"Na mimi ninayo?"

"Sijasema unayo. Nasema Mungu hana."

Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao hata kabla havijakatwa. Msusi alilichukua gauni lake lina mkono mmoja. Mwisho akaja Mwenyekiti, kofia ameikandamiza kwa viganja vyote viwili kana kwamba kuna upepo. Alisema Ijumaa baada ya masomo wakazi watakutana shuleni, kwenye darasa la watoto wadogo, na ajenda ni moja: Fundi abaki mtaani au ahame.

Shangazi alielewa maana yake. Baraza lingine angeweza kulitafuta, hata cherehani ingepata wendawazimu wengine wa kuibeba. Lakini jina lingemtangulia kila mtaa atakaohamia. Nani atakubali kupimwa kiuno na mtu anayesemwa kwamba ameuza siri za viuno vya watu? Alikuwa hajui kazi nyingine, na hakuwa anataka kuijua.

Jioni ile, tukiwa mezani, alikisukuma kikombe chake cha chai pembeni. "Kaka, niambie kweli. Na wewe unaniwazia hivyo?"

"Mimi? Nikuwazie wewe, dada yangu wa damu? Hata siku moja!" Baba alisema, na alisema kwa moyo wake wote. Lakini huku akisema hivyo mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, taratibu, mpaka kwenye kola ya shati, ukapapasa, ukashuka.

Shangazi aliuona. Kola ile aliishona mwenyewe. Aliinuka akaenda chumbani kwake, na chai ikapoa palepale.

Asubuhi alifika barazani kama kawaida, akaipangusa cherehani, akaipaka mafuta, akakaa. Hapakuwa na kitu cha kushona. Na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuinamia, akainua kichwa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu aanze kazi kuutazama mtaa wake usoni.

Ikasikika pikipiki kwa mbali. Ilikuwa ya muuza mikate tu, mtu anayejulikana na kila mmoja. Lakini Kilo Kasoro, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, mkono wake wenye kisu ulibaki hewani na ule mwingine ukazama chini ya tumbo. Msusi akaubana mkono wa kushoto ubavuni kama mgonjwa aliyewekewa kipimajoto. Bibi wa Ghorofani, maskini, asiyeweza kuufikia mfuko wake, akauegemeza mgongo ukutani akausugua kama ng'ombe kwenye nguzo. Muuza mikate akapita, akapiga honi ya salamu, mikono yote ikashuka, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mkono wake ulikuwa umepanda.

Shangazi akajikuta amesimama.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta, walikuwapo vijana wawili wamekaa juu ya pikipiki iliyozimwa, kila mmoja na chupa ya soda. Viuno viwili ambavyo hakuwahi kuvipima. Walikuwa wametulia wanatazama barabara kama watu waliolipa kiingilio. Mama mmoja akapita, akawaona, akapeleka vidole haraka kwenye mkunjo wa mkono wa blauzi. Kijana wa nyuma akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Wakacheka, wakanywa soda.

"Alaa," Shangazi alisema peke yake. "Kumbe mnatangaza wenyewe!"

Angeweza kupaza sauti palepale. Lakini angeambiwa anajitetea, na wale vijana wangewasha pikipiki yao wakaondoka zao. Akakaa, akanyamaza, akahesabu mikono ya watu mpaka jua likazama. Alhamisi nayo akafanya hivyo hivyo.

Ijumaa nilitoka darasani kwangu nikiwa bado na sare, nikaingia darasa la watoto wadogo, nikakaa karibu na Shangazi. Madawati yale yalikuwa ya watoto wa miaka sita. Kilo Kasoro alijaribu kuingia kwenye moja, akaingia, na ikawa dhahiri kwamba kutoka itakuwa habari nyingine. Ubaoni kulikuwa na hesabu za kujumlisha. Mwenyekiti akasimama mbele, akakohoa kikohozi cha kufungulia kikao.

"Ndugu wakazi, mnajua kilichotuleta."

"Tunajua!"

"Mimi sina ubaya na dada," Kilo Kasoro alianza, akiwa amebanwa dawatini. "Ni jirani yangu, tunaazimana chumvi. Lakini tumbo ni langu."

"Na kwapa ni langu," msusi akadakia, halafu akakumbuka mume wake amekaa nyuma yake. "Yaani, mfano tu. Nasema kwa mfano."

"Mfano wa nini?" mume akauliza.

"Kaa kimya, kikao kinaendelea."

Wakasema wengi, na wengine walisema vizuri kwa masikitiko, jambo lililokuwa baya zaidi kwa Shangazi kuliko matusi. Mwisho Mwenyekiti akamgeukia. "Fundi, una la kujitetea?"

Shangazi akainuka. Alikuwa na pini mdomoni tangu mwanzo wa kikao. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Watu walidhani atalia. Akatazama mlangoni, macho yakamtoka, akapiga ukelele wa kupasua vioo.

"Mwiziii! Mwizi huyo, anaingia!"

Mimi niliruka kwenda dirishani nimwone mwizi, maana miezi yote ile nilikuwa nikisikia habari zake tu sijawahi kumtia machoni, lakini Shangazi alinidaka sketi kwa nyuma akanivuta mpaka nikakaa kwa kishindo. Papo hapo akageukia darasa.

"Msishushe mikono! Hakuna mwizi! Kaeni hivyo hivyo mlivyo! Mwenyekiti, na wewe, usiishushe!"

Hakuna aliyethubutu kusogea.

"Sasa tazamaneni."

Wakatazamana. Mwenyekiti alikuwa ameikumbatia kofia kichwani kwa mikono miwili. Mkono wa Kilo Kasoro ulikuwa umepotea mpaka kiwiko chini ya tumbo, huko dawatini. Msusi alikuwa amelibana kwapa hadi bega limegusa sikio. Bibi wa Ghorofani alikuwa amejibandika ubaoni, ameshafuta hesabu zote za watoto kwa mgongo wa gauni. Kulikuwa na walioshika visigino, walioshika visogo, na mama mmoja mkimya kutoka nyumba ya pembeni alikuwa ameshika mahali ambapo sitapaandika.

"Nani amewatajia wenzenu hizo sehemu sasa hivi?" Shangazi aliuliza. "Ni mimi? Mimi nimesema 'mwizi' tu. Wale vijana wanakaa pale ng'ambo kila siku wanakunywa soda. Hawahitaji kuambiwa na mtu. Pikipiki ya mikate ikilia tu, mtaa mzima unawaonyesha kwa kidole."

Sauti ya mume wa msusi ikasikika polepole, imejaa majonzi.

"Kwapani, mke wangu? Miaka yote hii, kwapani?"

Bibi wa Ghorofani ndiye aliyeanza kucheka, vumbi la chaki likimtoka mgongoni, na baada yake darasa zima likaangua kicheko. Kilo Kasoro peke yake hakucheka. Hakuwa mtu wa kushindwa upesi.

"Ngoja kwanza! Ngojeni! Sote tumejishika. Mbona yeye hakujishika? Dada, wako uko wapi?"

"Aliyepiga ukelele ni mimi. Mtu anajitishaje mwenyewe?" Shangazi alijibu, na pini zikarudi mdomoni.

Nyuma kabisa Baba alikuwa amesimama, bado ameshika kola. Aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akauteremsha, akasafisha koo. "Dada, juzi mezani nilikukosea, na mkono huu ndio shahidi. Na sasa nasema hivi: anayetaka dada yangu ahame, aje aibebe ile cherehani."

Wanaume wakaangalia sakafu. Hoja ikafa kwa kukosa wabebaji. Ikabaki kazi ya kumtoa Kilo Kasoro dawatini, iliyochukua muda mrefu kuliko kikao.

Lakini wezi walikuwa bado wapo, kunywa soda si kosa la kumkamatia mtu, na Shangazi, akishaanza kufikiri, haachi nusu. Jumatatu alfajiri aliwakusanya watu mbele ya baraza. "Mkono ukishtuka lazima uende mahali," aliwaambia. "Hamuwezi kuuzuia. Basi upeni mahali pengine pa kwenda. Kila mtu achague pasipo na kitu, ajifunze kupashika hapo."

Wakawa wanafanya mazoezi kila jioni, wale vijana wakishaondoka. Shangazi yuko kwenye cherehani, kichwa kimeinama kama zamani, ghafla anapaza sauti, "Mwizi!" na barabara nzima inajishika uongo. Haikuwa rahisi. Msusi alihamia kwenye goti akaweza. Bibi alichagua sikio. Kilo Kasoro aliambiwa ashike kifua, akawa anashika kifua kwa mkono mmoja na chini ya tumbo kwa mwingine.

"Mmoja, Kilo Kasoro! Mmoja!"

"Huu mwingine hausikii, dada!"

Mwenyekiti alichagua viatu. Alikuwa na buti zake za zamani za kazini, ndefu mpaka karibu na goti, zenye kamba ya kupitisha kwenye matundu mengi. Alifanya mazoezi kwa bidii ya kiongozi. Akisikia hata baiskeli, anainama anapapasa buti.

Wale vijana waliona, wakaamini. Siku moja saa za alasiri wakamsimamisha pale kwenye kona isiyo na taa. "Mzee, vua buti."

"Wanangu, hizi buti zina shughuli."

"Vua!"

Mwenyekiti akakaa chini ukingoni mwa barabara, akaanza na kamba ya kulia. Mgongo ulikuwa unamuuma. Kamba ilikuwa na fundo, na fundo lilikuwa na fundo jingine juu yake. Akahema, akapumzika, akawasimulia buti zile alizinunua wapi. Kijana wa nyuma akakosa subira, akapiga magoti kumsaidia. Wa mbele naye akaona wanachelewa, akashuka kwenye pikipiki akashika mguu wa kushoto. Watu waliokuwa wakitoka kituoni kwa kuongozana, kama walivyozoea siku zile, wakawakuta hivyo: Mwenyekiti amekaa kama bwana harusi, kofia kichwani na pesa zake zote ndani yake, na wezi wawili wanamvua viatu, mmoja mguu huu, mwingine mguu ule.

Wakazungukwa kabla hawajafungua hata nusu. Mmoja alijaribu kukimbia, akajikuta ameshika kamba na kamba imeshika buti na buti ina Mwenyekiti ndani. Bibi wa Ghorofani akauchomoa ufunguo wa pikipiki, akamgeukia msusi. "Niwekee mgongoni, mwanangu." Ufunguo ukakaa mgongoni mwa Bibi mpaka polisi walipokuja kuwachukua, na askari ilibidi aombe ruhusa mara mbili.

Baada ya hapo baraza lilijaa tena. Msusi alirudisha gauni lake la mkono mmoja, akawekewa wa pili. Kilo Kasoro alileta nyama imefungwa kwenye karatasi, akaiweka juu ya cherehani. Shangazi akaipima kwa kiganja.

"Leo imetimia," alisema.

"Ni ya msamaha," Kilo Kasoro alisema. "Ya msamaha huwa haipungui."

Lakini jambo moja halikuisha, nalo ni lile aliloliuliza Kilo Kasoro dawatini. Mfuko wa Fundi uko wapi? Watu walibishana mwaka hadi mwaka. Msusi alisema ni ndani ya ule utepe wa kupimia anaouvaa shingoni. Kilo Kasoro alishikilia kwamba uko kwenye tumbo la cherehani, ndiyo maana haibebeki. Walimvizia kwa kumpigia ukelele wa mwizi ghafla, lakini hawakuwahi kumwona akijishika popote. Mimi mwenyewe nilimuuliza siku ile juu ya kigoda, nikaambulia "Mmh" ya pini.

Sasa niko sekondari. Sketi zangu zote mpaka mwaka jana amezishona yeye, kila moja na pindo lake nene, na kuzifua alikuwa anazifua mwenyewe hata akiwa na homa. Mwaka huu shule imebadilisha sare, zinauzwa tayari palepale shuleni, na Shangazi aliipinga habari hiyo nyumbani kwa ukali ambao hakuna aliyeuelewa. Wiki iliyopita niliikunja sketi yangu ya zamani nimpelekee binamu yangu mdogo. Shangazi akanipokonya mlangoni, akaenda nayo kwenye cherehani, akachukua wembe, akaanza kulifumua pindo.

Nikamwangalia. "Shangazi, bado hujanijibu swali langu la darasa la tatu."

Akaziokota pini, akazipeleka mdomoni, zikaishia njiani. Akazirudisha mezani.

"Ulikuwa hapa," alisema, akaufungua mfuko mrefu mwembamba uliozunguka pindo zima. "Tangu unaanza shule. Watu wote mtaani walikuwa na mikono inayojua njia, lakini wewe ulikuwa unapita mbele ya wale wezi unaruka kamba, na wao wanakupisha. Ungejua ulichobeba, ungejishika. Na mwambie Kilo Kasoro siku ile mkutanoni nilijishika, tena kabla yao wote. Wewe ulidhani nakuvuta sketi ili usichungulie dirishani?"